Bendi Haina Pasipoti

Mabibi na mabwana, AC/DC ni bendi ya nchi gani? Nasikia "Australia" kutoka kila upande wa ukumbi. Vema, sasa tukague vyeti. Malcolm na Angus Young, ndugu wawili walioianzisha Sydney mwaka 1973, walizaliwa Glasgow. Bon Scott, mwimbaji wao aliyevuma, naye alizaliwa Uskoti. Alipofariki mwaka 1980 nafasi yake ilichukuliwa na Brian Johnson, Mwingereza. Kwa vyeti vya kuzaliwa, Australia inakaribia kubaki mikono mitupu! Hata hivyo jibu lenu ni sahihi. Watoto wale walihamia Australia na wazazi wao, na ni huko walikojifunza kulishika jukwaa, mbele ya watu waliokuwa wa kwanza kuwapigia makofi.

Ndiyo maana nasema mtu huzaliwa mara moja, lakini bendi huzaliwa pale inapopata wasikilizaji wake. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, mtoto wa Waparsi kutoka India, akaingia Uingereza mwaka 1964. Zanzibar ina haki ya kujivunia mtu huyo. Kudai Queen, iliyoundwa London mwaka 1970, ni jambo jingine kabisa.

Nakiri kuna mahali kanuni yangu inachechemea. Fleetwood Mac ilianza London mwaka 1967 ikipiga bluzi. Ilipofika 1975 ilikuwa imehamia California, na Wamarekani wawili, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, wakajiunga. Mpiga ngoma na mpiga besi, ambao majina yao ndiyo yaliyounda jina la bendi, walikuwa Waingereza walewale. Mimi husema ilizaliwa mara mbili. Anayeona nakwepa swali, huenda ana haki.

Serikali nayo ina kalamu yake, ila wino wake haufiki kila mahali. Mwaka 1960 Miriam Makeba alitaka kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake, akakuta pasipoti yake imefutwa. Baadaye aliishi Guinea miaka mingi na kusafiri kwa hati za nchi nyingine. Aliporejea mwaka 1990, nani alimpokea kama mgeni?

Kanada wao waliamua kuuliza uraia wa wimbo. Tangu mwaka 1971 redio zao hulazimika kupiga kiwango fulani cha nyimbo za Kikanada, na wimbo hupimwa kwa mambo manne: muziki, msanii, mahali pa kurekodia na mashairi. Ukipata mawili, umepita. Hesabu safi, mpaka mwaka 1991 Bryan Adams, Mkanada anayejulikana dunia nzima, alipotoa albamu aliyoitunga na Mutt Lange, mzaliwa wa Zambia. Utunzi wa pamoja na mgeni haukuhesabiwa, hivyo nyimbo zile hazikuwa za Kikanada! Kelele zilipigwa, na miaka miwili baadaye kanuni ikalegezwa.

Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, haijisumbui na hayo. Mwaka 1988 Uswisi ilimpeleka Dublin binti wa Quebec, Kanada, Céline Dion. Akashinda kwa tofauti ya pointi 1 dhidi ya Uingereza, na kitabuni ikaandikwa Uswisi.