"Jina Mlilonipa Halikuwa Langu": Jinsia na Makosa ya Kutambua Maradhi ya Akili

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Makosa ya madaktari ni mengi, tukiyafuata yote tutakesha. Leo nachukua lalamiko moja: mtu anaambiwa ukubwani kwamba ana usonji (autism), hali ya ubongo ya tangu utotoni inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu, akitazama nyuma anasema yale maradhi aliyoandikiwa mwanzo hayakuwa yake.

Uholanzi waliwauliza watu kama hao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulihusisha zaidi ya watu wazima 1,200 wenye usonji, na karibu robo yao walisema waliwahi kupachikwa ugonjwa wa akili wasiokuwa nao. Kati ya wanawake, waliosema hivyo ni asilimia 31.7; kati ya wanaume, 16.7. Lililolalamikiwa zaidi ni kasoro ya haiba, yaani kuambiwa kwamba tabia na hulka yako yenyewe ndiyo yenye maradhi.

Kwa nini wanawake? Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye usonji. Wanane walikuwa wavulana. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger, kule Vienna, Austria, akaeleza kwa kina wavulana wanne. Msichana hakuwamo hata mmoja. Usonji ukazoeleka kuwa ugonjwa wa kiume.

Sasa mchukueni mwanamke wa miaka 35 mbele ya daktari. Una marafiki? Anao. Anatazama watu machoni? Ndiyo, kumbe anatazama katikati ya nyusi, ujanja aliojifunza tangu shuleni. Kabla ya kupiga simu huandika atakayosema. Akitoka harusini hujifungia chumbani kutwa, taa zimezimwa, na ukimgusa analipuka. Hayo ya chumbani hakuna aliyemuuliza. Faili linaandikwa mlipuko, na haiba ndiyo inayobebeshwa lawama.

Mtaniuliza, mgonjwa anajuaje kuwa alikosewa? Swali la haki kabisa. Haya ni maelezo ya wenyewe, na mtu anaweza kuwa na usonji na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa pamoja. Wala tusidhani wanaume wamesalimika: asiyekanyaga kliniki hana jina la kulalamikia. Sonona yake hujionyesha kwa hasira na pombe, mtaani wakasema ana tabia mbaya tu.

Ila mimi malalamiko haya siyapuuzi, kwa sababu ya jaribio la watafiti Ford na Widiger, Marekani, 1989. Wanasaikolojia 354 walipewa visa vya wagonjwa. Kisa kilekile, kwa huyu mhusika ni mwanamke, kwa yule ni mwanamume, kwa mwingine jinsia haikutajwa. Waliotakiwa kutaja ugonjwa waliyumbishwa na jinsia. Waliotakiwa kupima dalili mojamoja hawakuyumba.

Kwa hiyo ninyi wanafunzi wa tiba mlioketi mbele: dalili ziandikeni mojamoja, na kila moja muulize imeanza lini na hutokea wapi. Jina la ugonjwa liwe mstari wa mwisho. Haya, maswali.