Chupa ya Nakshi na Chupa ya Rangi: Maneno Tunayohitaji Wakusanyaji wa Chupa za Soda

Mhadhara uliotolewa Jinja mbele ya wakusanyaji na wapenzi wa vitu vya kale

Wazee wetu, mama zetu, bassebo ne bannyabo, mabwana na mabibi, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kuja na chupa zenu, maana kuzungumzia chupa bila chupa ni kazi bure.

Niliombwa niseme historia ya chupa za soda. Nitaigusa, ila linaloniwasha ni maneno. Sisi tunaokusanya chupa hizi Kampala, Jinja, Mbale, Arua na Busia tunaelezana kwa simu, na mara nyingi hatuelewani. Mtu anakuambia, "Nina Pepsi ya zamani, ina maandishi mazuri." Unapanda taksi asubuhi, unafika, unakuta si ile uliyoidhania. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Maneno ndiyo yaliyopungua.

Tuanze na mgawanyo mkubwa kuliko yote. Chupa ya soda hupambwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, pambo linatoka kwenye kalibu. Kioo cha moto kinapulizwa ndani ya kalibu ya chuma, na herufi au michirizi iliyochongwa humo inatokea kwenye chupa ikiwa imeinuka. Fumba macho, pitisha kidole, utaisoma. Hiyo naomba tuiite chupa ya nakshi. Njia ya pili, chupa inatengenezwa kwanza, kisha maandishi ya rangi yanachapwa juu yake na kuchomwa. Hiyo ni chupa ya rangi.

Watu hudhani ile rangi ni rangi kama ya mlango. Sivyo. Ni unga wa kioo uliosagwa pamoja na madini ya kutia rangi, ukachanganywa na mafuta hadi ukawa kama uji mzito. Uji huo unasukumwa kwa mpira kupitia wavu wa hariri uliozibwa kila mahali isipokuwa penye umbo la herufi. Kila rangi ina wavu wake na zamu yake. Baadaye chupa inapita kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi, ule unga unayeyuka na kushikana na chupa, kioo juu ya kioo. Kampuni ya Owens-Illinois ya Marekani ndiyo iliyoieneza kazi hii kwenye chupa za soda katikati ya miaka ya 1930. Sababu yake hata mwenye duka wa hapa Jinja anaijua: chupa ilikuwa inarudi. Kiwandani huoshwa kwa kostiki soda ya moto, na lebo ya karatasi haivumilii maji hayo. Zilitakiwa herufi zitakazoishi umri wa chupa yenyewe.

Chupa hizi za rangi wakusanyaji wa Marekani huziita ACL, kifupisho cha jina la kiwandani, applied color label. Waaustralia wengi husema pyro. Wapo mafundi wanaokasirika ukisema "chupa ya kupakwa rangi", kwa kuwa hakuna brashi iliyogusa chupa. Nawaelewa, lakini siko upande wao. Chama kikubwa cha Wamarekani wanaokusanya chupa hizi chenyewe kinaitwa Painted Soda Bottle Collectors Association, na "painted" maana yake ni iliyopakwa rangi, yaani neno la watu lilishinda neno la kiwanda. Nasi tuseme chupa ya rangi, bora kila mmoja wetu awe amekwisha elewa rangi hiyo ni kitu gani.

Kuna ubishi mwingine mzito zaidi, nao unahusu chupa za nakshi. Mwaka 1915 kiwanda cha Root Glass cha mji wa Terre Haute, Indiana, kilibuni ile chupa ya Coca-Cola yenye kiuno. Ilipofanikiwa, kila mwenye soda alitaka chupa yake ambayo hakuna mwingine anaruhusiwa kuitumia. Hataza, yaani hati za kulinda ubunifu, zikamiminika. Chupa ya soda ya NuGrape ina tarehe ya Machi 9, 1920. Orange Crush, ile yenye mikunjo mikunjo ubavuni, ni ya Julai 20, 1920. Miaka yote hiyo ya 1920 kampuni ndogo za miji midogo zilitoa chupa za maua, za mistari, za vigae, za buibui, kioo kikifinyangwa kama mfinyanzi anavyochezea udongo. Kwa macho yangu hizo ndizo chupa nzuri kuliko zote zilizowahi kubeba soda.

Siku hizi wauzaji wa huko huziita "deco". Wengine wanapinga: mtindo wa mapambo uitwao deko unahusishwa na maonyesho ya Paris ya 1925, na jina lenyewe lilienea miaka ya 1960. Chupa yenye tarehe ya 1920 kwenye kitako itakuwaje mtoto wa maonyesho yaliyokuja miaka mitano baadaye? Wapinzani hawa wana haki kwa upande wa historia. Kuna hasara nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Neno "deco" limekuwa la biashara. Nimeona likibandikwa kwenye chupa za nakshi, kwenye chupa za rangi, hata kwenye chupa laini zisizo na pambo lolote ilimradi ni kuukuu. Neno linalokubali kila chupa halimsaidii mnunuzi. Ndiyo maana nasema tusiliagize. Nakshi inatosha. Na zipo za mchanganyiko, zenye mikunjo ya kalibu na maandishi ya rangi juu yake. Hizo tuziite za nakshi na rangi, tusizisukume upande mmoja kwa nguvu. Coca-Cola mnayoijua wote ni ya namna hiyo. Ilikaa na herufi za kuinuka peke yake kwa miaka kama 40, maandishi meupe yakaja mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa kuielezea chupa. Hapa Kiswahili kimetutangulia, kimempa chupa mwili wa mtu: mdomo, shingo, bega, kifua, kisigino, kitako. Ukisema "maandishi ya rangi kifuani, ngao ndogo shingoni, herufi za kuinuka kisiginoni", mtu wa Arua anaiona chupa yako bila picha.

Tazameni hii niliyoishika. Pepsi, kioo kisicho na rangi, maandishi ya rangi tatu: nyekundu, nyeupe, buluu. Iinamisheni upande wa dirisha. Nyekundu imesogea kulia, haikukaa sawasawa juu ya nyeupe, na kati yao mnaona uzi wa kioo kitupu. Maana yake wavu wa pili haukupangwa barabara siku hiyo. Wengine huiona ni kasoro. Mimi naipenda, kwa sababu ni alama ya zamu fulani ya kazi. Pitisheni ukucha ukingoni mwa herufi. Mnahisi kakingo? Na rangi haitoki. Mtu akikuletea chupa ambayo ukucha unabandua herufi, hiyo imepakwa upya mtaani kwa rangi ya kawaida, na bei yake iteremke hapo hapo.

Angalieni tena begani na kisiginoni. Kuna mikanda miwili ya weupe, kama kioo kimesuguliwa kwa msasa. Hapo ndipo chupa zilipogusana na kugongana ndani ya kreti, kwenye lori, kwenye mashine ya kuoshea. Huo tuuite mkanda wa kreti. Tukisema tu "imechakaa", hatujasema kitu, kwa sababu kuna chupa yenye mkanda mpana lakini herufi zake nzima, na nyingine haina mkanda kabisa ila rangi imefifia. Weupe wa ndani usiotoka hata ukiosha tuuite ukungu. Mdomo uliomeguka ni mdomo uliomeguka, usiuite "alama ndogo".

Kwenye hali ya chupa ndipo ninapotofautiana kabisa na wenzetu wa Marekani. Daraja lao la juu ni chupa iliyo kama imetoka kiwandani jana. Kwao inawezekana, kwa sababu chupa nyingi hazikurudi: zilitupwa, zikasahaulika ghalani, nyingine hazikujazwa hata mara moja. Kwetu, chupa ilikuwa mali ya kampuni. Ukitaka soda ya kubeba, ulete chupa tupu au uache hela ya chupa. Hakuna aliyeweka chupa kabatini. Iliyopona ilipona kwa sababu ilipewa kazi nyingine: mafuta ya taa, asali, samli, dawa ya miti shamba ya bibi. Kizibo cha bati kikatupwa, mdomo ukazibwa kwa kibunzi. Tukilichukua daraja la Wamarekani kama lilivyo, karibu kila chupa ya Uganda itaitwa duni, na watu watazitupa kwa wanunuzi wa skrepu wakidhani hazina thamani. Mimi nasema historia ya kazi iandikwe. Chupa ya 7Up iliyobeba mafuta ya taa kijijini ni chupa ya 7Up iliyobeba mafuta ya taa, na aliyeitunza atajwe pamoja na jinsi alivyoitumia, kama anaridhia.

Kitako nacho kisomwe kwa uangalifu. Kwenye chupa za Owens-Illinois za zamani utakuta umbo la almasi lililopitana na yai, lenye herufi I katikati. Namba ya kushoto ni ya kiwanda, ya kulia ni ya mwaka. Ufunguo huo ni wa chupa zao. Usiuchukue ukasome nao chupa iliyotoka Kioo Limited ya Dar es Salaam au viwanda vya Kenya, utajipa mwaka usiokuwepo. Wala mahali ulipoiokota si mahali ilipojazwa. Mpaka wa Malaba na Busia umevusha makreti tangu zamani. Andika vyote viwili, iliandikwa nini na ilipatikana wapi. Mkikuta kreti yenye jina la Lake Victoria Bottling Company, msiitenganishe na chupa zake. Hilo ndilo jina la zamani la wajazaji wa Pepsi wa hapa kwetu, kabla ya Crown Beverages ya Nakawa, na jina kwenye ubao hutusaidia kukadiria umri.

Kuhusu vizibo nitapita haraka. Kizibo cha bati alikipatia hataza William Painter wa Baltimore mwaka 1892. Cha zamani kina meno 24, cha leo 21. Hesabuni kabla ya kumwamini anayewauzia chupa "bado na kizibo chake".

Mambo mawili kabla hatujaenda kwenye meza. La kwanza, chupa ambayo bado iko kwenye mzunguko, yaani muuza duka akiikosa atadaiwa na msambazaji, si yako kwa sababu tu umeipenda. Lipa hela ya chupa, mwambie kwamba hairudi. Wenye maduka ndio watu wa kwanza wa jumuiya hii, hata kama hawajui kuwa tupo, na wakianza kutuona kama wezi wa chupa, stoo zao zitafungwa kwetu.

La pili, kuosha. Mama zetu walitufundisha mchanga na majivu, na kwa sufuria ni sawa. Kwa chupa ya rangi, hapana. Wala siki, wala limao, wala zile dawa kali za choo: asidi hula ile enameli, herufi zikabaki kivuli. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba, na subira. Rangi za zamani, hasa nyekundu, njano na machungwa, mara nyingi zina madini yenye sumu, risasi au kadimi, kwa hiyo msizisugue kwa msasa, msiwape watoto vipande vyake wachezee, na msinywee humo.

Meza ziko upande wa dirishani, kwenye mwanga. Karatasi zimewekwa. Kila mmoja aandike chupa yake kwa maneno tuliyoyasema, kisha aisome kwa sauti huku chupa imefunikwa, na wengine wakisie ni ipi. Waliokuja na Stoney za kahawia waanze, maana nimeona ziko nne na hazifanani kifuani.