Kitufe Kimehama!

ZUU: Haya wapendwa tumerudi, mimi Zuu, na fundi Kassim yupo hapa, leo kaja na daftari kabisa.

KASSIM: Nina mambo manne ya kuifanya tovuti iwe nyepesi kwenye simu, la kwanza...

ZUU: Ngoja kaka, nitoe la moyoni kwanza. Juzi niko kwenye mwendokasi natoka Kimara, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba mwingine simu, namkatia shangazi tiketi ya basi la Tanga. Tovuti inafunguka kidogo kidogo, mara nikaona "Lipa", ile nagusa tu likashuka lipicha la basi huko juu, vitu vyote vikasogea chini, kidole kikatua kwenye "Futa". Jina, tarehe, siti, vyote vimeondoka!

KASSIM: Kitufe kimehama.

ZUU: Kimehama bila taarifa!

KASSIM: Wewe unakitafuta Kimara, chenyewe kishafika Kivukoni.

ZUU: (anacheka) Na nauli hakijalipa! Sasa nieleze, kwa nini kinahama?

KASSIM: Brauza, ile programu unayofungulia tovuti, inapanga ukurasa kabla picha haijafika, si unajua maandishi ni mepesi yanatangulia. Kama fundi hakuandika kwenye kodi, yale maandishi ya kutengenezea tovuti, upana na urefu wa picha, brauza haijui iache nafasi kiasi gani, kwa hiyo picha ikija inasukuma kila kitu chini. Kwenye intaneti ya ofisini huoni, picha inafika papo hapo. Google wana kipimo chake kabisa, huko kuhama kukizidi 0.1 ukurasa hauhesabiwi kuwa mzuri.

ZUU: Kumbe dawa ni namba mbili tu!

KASSIM: Kwa picha, ndiyo. Matangazo nayo yaachiwe nafasi yake. Jirani yangu pale Sinza aligusa "Ona bei", kikahama, akajikuta kwenye tangazo la kubeti.

ZUU: Hicho kimehamia mtaa mbaya! Lakini kaka, nyie mafundi ndo mnaweka hayo mapicha, tena siku hizi mpaka video.

KASSIM: Hapo unatuonea dada. Mteja anakuja anasema nataka basi langu linakimbia pale juu ya ukurasa, yeye ndo analipa, nimkatalie?

ZUU: Mkatalie! Anayelipia tovuti siye anayelipia bando. Mtu kajiunga MB zake za siku, anataka kujua basi linaondoka saa ngapi, unamlia bando lote na video ya basi?

KASSIM: Sikia sasa. Dar hii watu wametapeliwa sana mtandaoni, wakiona tovuti kavu kavu wanasema hawa matapeli hawa. Ile video inamwambia mtu kampuni ipo kweli, basi lipo. Ukiitoa umempa wepesi ila imani umeiondoa.

ZUU: Mimi imani yangu ni tiketi kuingia kwenye simu. Na hao Google unaowasifia si ndo walisema 2016 ukurasa wa simu ukizidi sekunde 3, asilimia 53 wanaondoka? Sasa hiyo imani utampa nani wakati mtu keshaondoka?

KASSIM: Wanaobaki. Na wanaobaki ndo wanunuzi.

ZUU: Hapana. Anayebaki ni mwenye simu kali na waifai ya nyumbani. Shangazi yangu hayumo humo, na yeye ndo anasafiri kila mwezi.

KASSIM: Shangazi simpingi. Ila video naibakisha.

ZUU: Na mimi naitoa.

KASSIM: Dada, saa hiyo, daftari sijafungua.

ZUU: Uwii, dakika mbili tu! Soma moja.

KASSIM: Picha usizipandishe kama zilivyotoka kwenye kamera, moja inaweza kula MB nne tano. Punguza vipimo kwanza, halafu igeuze iwe WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, inashuka sana na kwa macho huoni tofauti. La pili, Google siku hizi wanaipima tovuti yako kwa ile sura ya simu, siyo ya kompyuta, kwa hiyo ukificha maelezo kwenye simu...

ZUU: Kaka wenzetu wako mlangoni wanataka studio. Hayo mengine kipindi kijacho.

KASSIM: Sawa, ila kwenye video sijakubali.

ZUU: Wala mimi. Kwaherini wapendwa.