Jinsi ya Kuoanisha Sensa za Presha ya Tairi na Rimu Mpya

Ndugu mtazamaji, karibu. Katika video hii tutaifuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni kulivisha gari rimu mpya huku mfumo wake wa kupima presha ya tairi ukiendelea kufanya kazi kama ulivyotoka kiwandani. Nautanguliza msimamo wangu: ukaguzi wa sensa, yaani vile vifaa vidogo vinavyopima presha ndani ya tairi, hufanywa kabla ya kulipia rimu, wala si baada ya magurudumu kufungwa na taa ya njano ya onyo kuwaka. Muuzaji wa vipuri wa Kirinyaga Road, hapa Nairobi, atakuuliza rimu ya inchi ngapi na nati ngapi, na hapo atakuwa ametimiza wajibu wake. Ni nadra akuulize gari lako lilitengenezewa soko la nchi gani, ingawa jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama sensa utakayoinunua itasikika au itabaki bubu ndani ya tairi.

Hatua ya kwanza ni kujua kama gari lako lina mfumo huu, na ni wa aina gani. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha uitazame dashibodi. Taa za onyo zitawaka kwa pamoja kwa sekunde chache, na miongoni mwake utafute ile ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa kwa kukingama, ndani yake mna alama ya mshangao. Ikiwa haipo kabisa, gari halina mfumo, nawe unaweza kununua rimu zako kwa amani. Magari mengi yaliyotengenezewa soko la ndani la Japani yako hivyo, kwa kuwa sheria ya huko haikuyalazimisha magari madogo kuwa nao. Marekani iliyalazimisha magari mapya madogo yote kufikia Septemba 2007, na Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado ndani yake, ukafanya hivyo kwa magari mapya yote ya abiria kuanzia Novemba 2014. Ndiyo maana gari la mwaka 2018 lililotoka Uingereza huwa na mfumo, ilhali pacha wake aliyeshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani huenda hana.

Kuwepo kwa taa, hata hivyo, hakuthibitishi kwamba kuna sensa ndani ya tairi. Yapo magari, yakiwemo mengi ya Volkswagen na Mazda, ambayo hukisia presha kwa kutumia vipimo vya mwendo wa gurudumu vya breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge: tairi lililopungukiwa na upepo huwa na kimo kidogo zaidi, hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta huitambua tofauti hiyo. Ukiona dashibodi inakuonyesha tarakimu ya presha ya kila tairi, gari lako lina sensa halisi. Ukiona valvu ya chuma iliyofungwa kwa nati kwenye rimu, karibu uwe na hakika pia. Valvu ya mpira haitoi jibu, kwani baadhi ya sensa hufungwa kwenye valvu za mpira na kwa nje hutaona tofauti yoyote.

Wenye mfumo wa ABS kazi yao ni fupi. Weka matairi manne ya ukubwa mmoja na yenye kuchakaa kwa kiwango kinachokaribiana, yajaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kisha ubonyeze kitufe cha kuweka upya au uutafute mfumo huo kwenye menyu ya skrini. Ukikisahau kitendo hicho cha mwisho, kompyuta itaendelea kuyalinganisha matairi mapya na kumbukumbu ya yale ya zamani. Maelezo yanayofuata ni ya wale wenye sensa halisi.

Hatua ya pili ni masafa. Sensa ni redio ndogo, na kama ilivyo redio yoyote, anayetuma na anayepokea lazima wawe kwenye masafa yaleyale. Magari ya Ulaya, pamoja na ya Uingereza, hutumia megahezi 433, ilhali ya Japani na ya Marekani mara nyingi hutumia megahezi 315. Kwa macho sensa hizi mbili hufanana kabisa, na muuzaji asiyekuwa na kifaa cha kuzipima anaweza kukupa moja badala ya nyingine bila nia mbaya yoyote. Hata masafa yakilingana, bado kuna jambo la pili: kila mtengenezaji wa gari ana mpangilio wake wa ujumbe unaotumwa, kwa hiyo sensa ya megahezi 433 iliyotoka kwenye Mercedes haieleweki na Toyota, japo redio yake inasikika. Maneno "inaingia gari zote" uyapokee kwa tahadhari.

Basi utazijuaje zako? Njia bora ni kumwendea fundi mwenye kifaa cha kusomea sensa za tairi. Tazama hapa: anakisogeza karibu na valvu, kifaa kinaiamsha sensa kwa mawimbi ya kilohezi 125, nayo inajibu kwa kutaja masafa yake, namba yake ya utambulisho, presha, joto na mara nyingine hali ya betri. Mwombe asome magurudumu yote manne, kisha upige picha skrini yake, kwa sababu namba hizo utazihitaji baadaye. Asipokuwepo fundi wa namna hiyo karibu nawe, subiri tairi litakapovuliwa usome maandishi yaliyopigwa chapa kwenye mwili wa sensa, ambapo aghalabu utapata namba ya kipuri na namba ya utambulisho, na mara nyingi masafa pia.

Hatua ya tatu ni kuamua: uhamishe sensa za zamani au ununue mpya. Hapa pana hesabu inayotuhusu sana sisi wa Nairobi. Betri ya sensa imefungiwa ndani na haibadilishwi. Hudumu takriban miaka 5 hadi 10. Kanuni zetu huruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijapita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na wanunuzi wengi, kwa sababu za bei, huchagua lililokaribia ukomo huo. Maana yake ni kwamba gari linapopewa namba ya Kenya, sensa zake za kiwandani huenda zimekaribia mwisho wa umri wao. Kuzihamishia kwenye rimu mpya ni kuokoa pesa leo na kulipia kazi ya kuvua matairi yote manne tena baada ya muda mfupi. Mimi, gari likishapita miaka 7, hushauri sensa mpya bila kusita; likiwa na miaka 3 au 4, hamisha ulizo nazo.

Ukiamua kununua, una njia mbili. Ya kwanza ni sensa za mtengenezaji wa gari, ambazo huagizwa kwa namba ya kipuri na ni ghali. Ya pili ni sensa za kuprogramu, kama vile MX-Sensor za Autel au EZ-sensor za Schrader, ambazo fundi huzipangia aina ya gari kabla ya kuzifunga. Faida yake kubwa ni kwamba fundi anaweza kunakili namba ya utambulisho ya sensa ya zamani, ile uliyoipiga picha, na gari lisijue kwamba kuna kilichobadilika. Ukifanya hivyo, rimu za zamani usizibebe kwenye buti gari likiwa linatembea, maana sensa mbili zenye namba moja zitaichanganya kompyuta.

Hatua ya nne ni rimu yenyewe. Rimu kukaa vizuri kwenye gari hakumaanishi kwamba sensa itakaa vizuri ndani yake. Chukua mfano wa Mazda CX-5 na Toyota Harrier, ambazo zote zina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3. Tundu la katikati la rimu ya Mazda ni milimita 67.1 na la Toyota ni 60.1, hivyo rimu ya Mazda, ikiongezewa pete ya katikati, itakaa sawasawa kwenye Harrier. Sensa ya Harrier, hata hivyo, ilipinda kufuata umbo la rimu ya Toyota. Kabla ya kulipa, iweke sensa mahali pake ndani ya rimu ikiwa bado haina tairi, uangalie kwamba mwili wake umelala karibu na sakafu ya rimu bila kuigandamiza na bila kuinuka kupita ukingo ambapo tairi litapita. Angalia pia kama tundu la valvu lina sehemu bapa ya kukalisha nati kwa ndani na nje. Rimu nyingi za sporti zenye kina kirefu hushindwa mtihani huu, na hapo dawa ni sensa yenye valvu ya pembe inayorekebishika au yenye valvu ya mpira. Rimu iliyopasuka ambayo fundi anataka kuitilia tyubu iache kabisa. Valvu ya tyubu hupita kwenye tundu lilelile, na sensa ya valvu haitakuwa na pa kukaa.

Hatua ya tano ni ufungaji, na hapa nakuomba usimame karibu na mashine badala ya kwenda kunywa chai. Kabla mashine haijalibana tairi la zamani ili kulitenganisha na rimu, mwambie fundi kwamba kuna sensa, naye aubane upande ulio mbali na valvu. Sensa nyingi huvunjwa sekunde ile. Wakati wa kuvalisha, rimu izungushwe kwa namna ambayo ukingo wa tairi hautaburutwa juu ya sensa. Kila valvu ya chuma ipate mpira mpya wa kuzuia upepo, nati mpya na kiini kipya, na kiini hicho kiwe kilichopakwa nikeli, kwa kuwa cha shaba tupu kikikutana na valvu ya alumini huliwa na kutu na hatimaye hukwama. Kwa sababu hiyohiyo tumia vifuniko vya plastiki, si vile vya chuma vinavyong'aa vinavyouzwa barabarani. Nati ikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kawaida kati ya nyutoni-mita 4 na 8 kulingana na sensa. Mkono wenye nguvu bila kipimo hukata valvu. Mwishowe balansi ifanyike sensa ikiwa ndani, kwani nayo ina uzito. Dawa ya kuziba pancha ya kumiminwa usiiruhusu isipokuwa dharura, maana inaweza kuziba kijitundu ambacho sensa hupimia upepo.

Hatua ya sita ni kulitambulisha gari kwa sensa zake mpya, isipokuwa kama namba zilinakiliwa. Utaratibu hutegemea gari. Yapo yanayojifunza yenyewe ukiendesha kwa dakika 10 hadi 20 bila kusimamasimama, na kwa haya chagua Southern Bypass saa nne asubuhi, si Waiyaki Way saa kumi na moja jioni, kwa sababu msongamano huzilaza sensa kabla hazijatambuliwa. Yapo yanayowekwa kwenye hali ya kujifunza gari likiwa limesimama, kisha fundi akaziamsha sensa moja baada ya nyingine, akianza kwa kawaida na gurudumu la mbele kushoto na kuzunguka kwa mwelekeo wa saa hadi la nyuma kushoto. Na yapo, Toyota nyingi zikiwemo, ambayo namba za utambulisho huandikwa kwenye kompyuta kupitia soketi ya OBD, ile ya kuchunguzia hitilafu za gari, iliyo chini ya usukani. Wengi wenye Toyota hudanganyika na kile kitufe kilicho karibu na usukani kinachofanya taa imetamete mara tatu. Katika magari mengi kitufe hicho huhifadhi kiwango cha presha tu. Hakisajili sensa mpya hata ukikibonyeza mchana kutwa.

Taa yenyewe itakuambia kama umefaulu. Ikiwaka moja kwa moja bila kumetameta, sensa zinasikika na tairi mojawapo lina upungufu wa upepo. Ikimetameta kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha ikabaki imewaka, mfumo una hitilafu: sensa haisikiki, haijasajiliwa au betri yake imekufa. Hapo rudi kwenye kifaa cha kusomea. Sensa ikijibu kifaa lakini gari lisiione, tatizo ni usajili au aina yake. Isipojibu kabisa, tatizo ni sensa yenyewe. Kuondoa balbu ya taa au kuibandika utepe, huduma ambayo utaahidiwa kwa bei nafuu, ni kulipa ili usiambiwe.

Limebaki jambo moja ambalo huwatia watu wasiwasi bure. Umejaza PSI 33 kwa kipimo cha mkono, na dashibodi inasoma 30 au 31 kwa matairi yote manne. Sensa nyingi hupima presha kamili, kisha gari hutoa presha ya hewa ya nje ili kupata tarakimu inayokuonyesha, na baadhi ya magari hukadiria hewa hiyo kana kwamba uko ufukweni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ya nje ni nyepesi kwa takriban PSI 2 na nusu, na tofauti hiyo ndiyo unayoiona. Tairi moja likitofautiana na mengine matatu, shuku tairi au sensa. Yote manne yakipungua kwa kiasi kimoja, fuata kipimo cha mkono, matairi yakiwa baridi. Ukiteremka Mombasa, kipimo cha mkono chenyewe kitashuka kwa kiasi kilekile, ingawa joto la pwani litarudisha sehemu yake, karibu PSI 1 na nusu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa hiyo pima upya ukiwa umefika, asubuhi kabla ya kuondoka, ndipo uongeze upepo ikiwa unahitajika.