Konrodi ndefu inaongeza nguvu? Tuihesabu 4G63

Mafundi wenzangu, karibuni. Swali mlilonipa ni moja: nikirefusha konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), injini inapata nguvu? Nitalijibu kwa 4G63 ya Mitsubishi, injini ya Lancer Evolution III ambayo Tommi Mäkinen alishinda nayo Safari Rally mwaka 1996. Wengi wenu mmeshaishika.

Stroki yake, yaani mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu, ni milimita 88, konrodi 150 ukipima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Gawanya konrodi kwa stroki, unapata uwiano wa 1.70. Namba hiyo ndiyo inayotugombanisha.

Njia ya kuipandisha ipo. Bloku ya 4G64, injini ndugu yake, imeizidi ya 4G63 kimo kwa milimita 6. Funga humo krenki yenye stroki 88, konrodi za 156 na pistoni za kimo kilekile: unafika 1.77. Umepata nini? Kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, pistoni inapogeuka juu kabisa, mvuto wake kwa konrodi unapungua kwa chini ya asilimia moja. Chini ya moja! Na hapo sijahesabu kwamba konrodi ndefu yenyewe ni nzito zaidi. Krenki ikifika nyuzi 90, pistoni imepishana na mwenzake wa konrodi fupi kwa kama robo milimita. Kinachobaki ni mlalo wa konrodi, kutoka nyuzi 17 hadi 16 na kidogo, hivyo ukuta wa silinda unasukumwa kwa upole zaidi. Silinda itadumu. Hospawa, yaani nguvu za farasi, usizitafute hapo.

Sasa fanya kinyume. Krenki ya 4G64 yenye stroki 100, ndani ya bloku fupi ya 4G63, konrodi 150 zilezile. Uwiano unaanguka hadi 1.5, na wapo watakaokwambia umeiua injini. Lakini ujazo umetoka sisi (cc) 2,000 hadi karibu 2,300, na taabo (turbo) inaamka mapema! Bei yake ipo: mvuto kule juu unaongezeka kama asilimia 17 kwa mizunguko ileile, na hilo ni deni la stroki, tusimsingizie konrodi.

Mimi kinachoninyima usingizi ni pistoni. Nusu ya stroki, jumlisha konrodi, jumlisha kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini inayoishika kwenye konrodi hadi utosini: 44, 150, 35, jumla 229. Ndicho kimo cha bloku kutoka katikati ya krenki hadi juu, basi. Ukiweka 50, nusu ya stroki 100, mahali pa 44, pistoni inabakiwa na 29. Pini inapanda kwenye makazi ya ringi, sketi (ubavu wa chini wa pistoni) inafupishwa, pistoni inayumba. Ndiyo maana mimi naanza na stroki, nafuata pistoni yenye nafasi ya kutosha kwa ringi, na konrodi inachukua urefu uliosalia.

Boliti za konrodi sijazigusa. Hizo ndizo zinazovutwa kuliko zote pistoni ikimaliza kutoa moshi, maana hakuna mlipuko wa kuizuia isiendelee kupanda. Tunywe chai kwanza. Mwenye zilizokatika azilete mezani.