Chunusi wa Bwawa la Hoteli
(Mhadhara kwa mafundi umeme, Mbeya)

Shikamooni wakubwa, vijana wenzangu, habari za asubuhi. Waliotoka Iringa, kamwene. Naona viti vya upande wa jua vimejaa, na siwalaumu, Mbeya ya Julai chai inapoa hujafika nusu kikombe. Ndiyo maana mwenye hoteli wa huku akishachimba bwawa hakawii kukuita umfungie hita, na mwaka unaofuata anataka jakuzi. Kazi kwetu ipo.

Nianze na yaliyonikuta. Niliitwa kwenye loji moja, sitaitaja. Wageni walilalamika kwamba ngazi ya bwawa "inauma". Msimamizi akawaambia ni klorini imezidi. Mzee mmoja mlinzi akanivuta pembeni: "Mwanangu, humo mna chunusi, jini la majini. Juzi kamshika miguu mtoto wa mgeni, baba yake ndiye aliyemwahi." Nikatoa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ncha moja kwenye ngazi, ya pili nikaitumbukiza majini. Volti 8.

Mnacheka, nane tu? Haya, tupige hesabu. Mkono mkavu wenye sugu kama hii yangu una ukinzani, yaani nguvu ya kuuzuia umeme, wa maelfu ya omu. Mtu aliyelowa chukulia omu 1,000, na aliyekaa jakuzi nusu saa, ngozi imelainika, anaweza kuwa chini ya hapo. Volti 8 kwa omu 1,000 ni miliampea 8, yaani sehemu 8 kati ya elfu moja za ampea. Inauma, lakini unaachia. Kwenye 10 na kitu misuli inajikaza, mkono ulioshika ngazi haukusikilizi tena. Zikifika 30 kifua kinabana. Zikizidi, moyo unaanza kutetemeka badala ya kupiga. Nchi kavu ukirushwa unadondoka kando, unatukana kidogo, unaendelea na kazi. Majini, miguu ikikakamaa tu umekwenda, na mwili ukiopolewa mara nyingi hauna hata alama. Watu watasema kazama. Mzee wangu yule hakukosea sana, chunusi alikuwapo.

Alitokea kwenye pampu. Sili imechoka, maji yameingia kwenye mota, umeme unavuja kurudi bwawani. Nyumba ya pampu ni plastiki, kwa hiyo ukiigusa husikii kitu. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekatwa kwa plaizi na kufungwa tepu vizuri, kazi ya mtu nadhifu. Kwenye bodi RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ipo, ila imerukwa kwa kipande cha waya. Nikamuuliza fundi wa pale, vipi hii? "Bosi, ilikuwa inajikata kila asubuhi." Jamani! Kifaa kinapiga ukunga kila siku, dawa yako ni kukiziba mdomo?

Nalisema hili kila darasa: breka haimlindi mtu. Breka ya ampea 16 kazi yake ni waya usiungue, na muogeleaji anakufa kwa sehemu ndogo ya ampea moja, breka haina habari. Anayemwangalia mtu ni RCD ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua wa kurudi, inajua kuna unakopotelea, inakata kabla hujasema "mama". Kile kitufe chenye T kibonyezeni kila mwezi. Na mkifungia hoteli jenereta, hakikisheni nyutro yake imeunganishwa na ethi, la sivyo umeme wa TANESCO ukikatika RCD inabaki pambo.

Lakini hata RCD ikiwa nzima, mimi silali kama vyuma havijafungwa pamoja. Ndege anatua kwenye waya mtupu wa msongo mkubwa na haungui, kwa kuwa miguu yote miwili ipo kwenye volti ileile. Muogeleaji tumfanye ndege. Ngazi, vishikio, bomba za chuma, fremu za taa na nondo za zege lenyewe, vyote viunganishwe kwa waya wa shaba usiopungua milimita za mraba 4, kisha viende kwenye ethi. Sasa nondo ndizo zinazotukwamisha. Lazima uzishike kabla zege halijamwagwa, na sisi tunaitwa vigae vimeshapigwa. Mjuane na mafundi ujenzi. Mkisikia pahali panachimbwa bwawa, nendeni hata bila kuitwa, mkachomoze ncha mbili tatu za waya kutoka kwenye nondo. Mwenye mali atalalamika shaba ni ghali. Mwache alalamike.

Vipimo ni vya kiwango cha kimataifa, IEC 60364, sehemu ya 702. Ndani ya maji, taa isizidi volti 12 za AC, na transfoma yake, ile ya usalama yenye koili zilizotengana, ikae mbali. Kutoka ukingoni mita 2, na kwenda juu mita 2.5, soketi ya kawaida hakuna. Mita 1.5 zinazofuata unaweza kuiweka, ila iwe nyuma ya RCD. Ekstensheni ya spika za muziki iliyotandazwa ukingoni Jumapili sina hata haja ya kuizungumzia.

Mtu akinasa majini, usijitose, mtakuwa wawili. Zima kwanza. Kwa hiyo swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo hata mhudumu wa vinywaji anapajua, siyo ndani ya stoo ambayo ufunguo anao meneja, na meneja kaenda Mwanjelwa.

Maswali nitayachukua nje. Kuna bwawa hapo nyuma, na sijaligusa kwa makusudi. Wewe mwenye koti la bluu, njoo na multimita yako. Dada, nenda ukasimame kwenye bodi, mkono kwenye meni swichi. Wengine wote, hakuna kushika ngazi mpaka tusome namba.