Hodi kwa Sokwe wa Mahale

REHEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo mimi na kaka yangu Majaliwa tunazungumzia safari tuliyoifanya mwezi Septemba kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, kusini mwa mji wa Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nianze na jambo ambalo huenda likawashangaza: tulikwenda wawili, tukakaa huko siku nne, lakini aliyewaona sokwe ni Majaliwa peke yake. Mimi niliamka na mafua, nikabaki kambini, na tutaeleza kwa nini nisingeweza kufanya vinginevyo.

MAJALIWA: Ahsante, dada. Naomba kwanza tuwaonyeshe wasikilizaji mahali penyewe palipo, kwa sababu watu wengi wakisikia habari za sokwe wa Kigoma mawazo yao huenda Gombe moja kwa moja, alikofika Jane Goodall mwaka 1960. Gombe ni hifadhi ndogo iliyo kaskazini ya mji. Mahale iko upande wa pili, zaidi ya kilomita 100 kusini, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,613, na kilele chake cha Nkungwe kina urefu wa mita 2,462. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari. Mgeni hufika kwa boti, au hupanda ndege ndogo hadi kwenye kiwanja kilicho karibu na ziwa na kumalizia safari kwa boti vilevile, na akishashuka ufukweni kila anapokwenda anakwenda kwa miguu.

REHEMA: Sisi tulipita njia ya ziwani kutoka Kigoma. Kwa miaka mingi wasafiri wa mwambao ule waliitegemea meli ya MV Liemba, ile iliyoletwa na Wajerumani kwa jina la Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Tuliposafiri sisi meli hiyo haikuwa kazini, kwa hiyo tulikodi boti ya mbao yenye injini na tukasafiri mchana kutwa. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, nasi tulikuwa tunaelekea kusini, kwa hiyo mawimbi yalitujia usoni na tukalowa tangu asubuhi. Nadhani mafua yangu yalianzia hapo, au niliyabeba kutoka kwenye treni iliyojaa watu. Sikuyatambua hadi siku ya pili alfajiri.

MAJALIWA: Ulipoamka ukipiga chafya, uliniambia mimi kwanza.

REHEMA: Nilikuambia kwa sababu nilikuwa nimeshikwa na majonzi. Nilikuwa nimeweka akiba ya fedha kwa muda mrefu, nimeomba likizo, nimevuka nchi nzima, na sokwe wenyewe wako mlimani mwendo wa saa moja au mbili tu kutoka mahali nilipolala. Kishawishi cha kunyamaza kilikuwepo, sitawaficha. Nilijua kwamba nikimeza dawa na kuvaa barakoa hakuna ambaye angegundua. Hata hivyo nilimwendea mwongozaji wetu, ambaye ni wa kabila la Watongwe na alikulia vijiji vya jirani, nikamweleza. Alinishukuru kwa maneno machache, akaniomba nibaki.

MAJALIWA: Hapo ndipo wasikilizaji wanapaswa kuelewa sababu. Sokwe ni ndugu yetu wa karibu kiasi kwamba maradhi yetu ya kifua yanamwingia bila kizuizi, lakini mwili wake haujazoea kupambana nayo kama wetu. Mafua ambayo kwako ni ya siku tatu, kwake yanaweza kugeuka nimonia. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliofanana na mafua makali uliwapata sokwe wa kundi la M, ambalo ndilo kundi linalotembelewa na wageni hadi leo, na sokwe 12 walikufa au walitoweka. Kundi lenyewe lilikuwa na sokwe sitini na kitu. Jaribuni kufikiria kitongoji cha watu sitini kinachozika watu kumi na wawili katika msimu mmoja.

REHEMA: Ndiyo maana masharti ni makali.

MAJALIWA: Ni makali, na kwa maoni yangu yanastahili kuwa hivyo. Wageni hupanda kwa makundi madogo yasiyozidi watu sita. Barakoa huvaliwa kabla ya kuwakaribia sokwe, umbali hauruhusiwi kupungua mita kumi, na muda wa kukaa nao ni saa moja tu, inayohesabiwa kwa saa ya mkononi ya mwongozaji. Haruhusiwi mtu kula chochote mbele yao, wala kujisaidia haja ovyo msituni. Sisi Waswahili tumelelewa kupiga hodi na kusubiri mlangoni. Kule mlango hauonekani kwa macho, lakini mwongozaji wetu alikuwa anajua hasa ulipo. Alituonyesha kwa mkono: tukome hapa.

REHEMA: Sasa nieleze ulichokiona, maana ulirudi jioni ile umenyamaza, ukakaa ufukweni peke yako, nami sikutaka kukusumbua.

MAJALIWA: Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi. Wafuatiliaji walikuwa wamekwisha kutangulia kabla ya jua, kwa sababu kila jioni huangalia mahali sokwe walipojenga viota vya kulala juu ya miti, na alfajiri hurudi pale pale kabla hawajashuka. Sisi tulipanda taratibu katika msitu mnene wa bondeni, tukavuka vijito viwili, huku mwongozaji akiwasiliana nao kwa redio ya mkononi. Kitu kilichonigusa njiani ni kwamba katikati ya msitu, mahali ambapo hutegemei kabisa, unakuta michikichi na miembe mikubwa.

REHEMA: Miembe ndani ya hifadhi?

MAJALIWA: Ndiyo, kwa sababu pale palikuwa na vijiji vya Watongwe. Walilima mihogo na mahindi, walivua, waliishi na sokwe kwenye milima ileile kwa vizazi vingi, kisha katika miaka ya 1970 walihamishiwa nje kwenye vijiji vya ujamaa, na mwaka 1985 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Miti yao ilibaki. Sokwe hawakuigusa kwa miaka mingi, lakini baadaye walianza mmoja mmoja kula maembe, mapera na malimau ya mashamba yale yaliyoachwa. Mwongozaji alinieleza jambo hili akiwa ameegemea mwembe mmojawapo, na nilihisi kwamba kwake yeye pale si porini tu. Ni mahali penye majina ya watu.

REHEMA: Mimi nadhani habari za Mahale zikisimuliwa bila Watongwe zinakuwa pungufu mno. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alipoanza utafiti mwaka 1965 katika eneo la Kasoje, waliomwonyesha njia za mlimani na kumtajia miti ni wao. Miwa iliyopandwa ndiyo iliyowavuta sokwe hadi wakazoea kuonwa na binadamu, na ulishaji huo ulisitishwa mwaka 1987. Kazi aliyoianzisha inaendelea, na ni miongoni mwa tafiti za wanyama pori zilizodumu muda mrefu kuliko karibu zote duniani.

MAJALIWA: Na hata elimu ya dawa ilitoka kwao. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyerithi elimu ya miti shamba, walikuwa wanamfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, analala mara kwa mara, hakuwa anakula kama kawaida yake. Akaenda kwenye kichaka cha mjonso, akavunja kijiti, akamenya ganda la nje, akaanza kutafuna kiini chake na kufyonza maji yake machungu, huku nyuzi akizitema. Kalunde aliutambua mti huo papo hapo, kwa kuwa Watongwe huutumia kwa homa na maradhi ya tumbo. Kesho yake alasiri Chausiku alikuwa amepata nafuu na anakula vizuri.

REHEMA: Nilipousikia mkasa huo nilifurahi pia kwa ajili ya jina lenyewe. Chausiku ni jina la bibi zetu.

MAJALIWA: Basi, tulipofika tuliwakuta kama kumi na watano hivi, kwenye mteremko wenye mibungo. Watu wa Tanga, Pemba na Unguja wanayafahamu mabungo kwa juisi yake. Ni tunda lilelile, lenye ganda gumu la rangi ya machungwa na ukakasi mtamu, na katika miezi ile ya mwisho wa kiangazi ndilo chakula kikuu cha sokwe wa Mahale. Mbele yangu, umbali wa mita kumi na mbili hivi, alikaa jike mzima na mtoto wake wa mwaka mmoja au miwili. Alichukua bungo moja, akalipasua kwa meno ya pembeni, utomvu mweupe ukamganda mdomoni na kwenye manyoya ya kidevu. Akanyonya kokwa polepole, akaufuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Mtoto akanyoosha mkono, kiganja kikiwa juu, kama anavyoomba mtoto yeyote. Mama hakumpa kokwa; alimwachia ganda, naye akalilamba lote ndani, akaligeuza, akachungulia kama kuna kilichobaki.

REHEMA: Na yale makubwa ya kiume?

MAJALIWA: Madume mawili yalikuwa yanasafishana manyoya, na hapo niliona jambo ambalo Gombe hawalifanyi. Yalikaa yakitazamana, kila moja likainua mkono mmoja juu, yakaikutanisha mikono hiyo hewani kama nguzo mbili za paa, huku kila dume likichambua kwapa la mwenzake kwa mkono uliobaki. Wataalamu waliielezea desturi hii kwa maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1978, wakiitoa Mahale hapahapa. Kwa hiyo sokwe wa mkoa mmoja, wanaokunywa maji ya ziwa moja, wana mila tofauti. Vivyo hivyo kwenye chakula: sokwe wa Gombe wanajulikana kwa kuvua mchwa kichuguuni kwa kijiti, ilhali wa kundi la M hutumia vijiti kuwavua sisimizi wakubwa wanaoishi ndani ya miti. Mtoto hujifunza kwa kumtazama mama yake.

REHEMA: Kwa hiyo kundi likifa kwa mafua, mila nayo inakwenda nalo.

MAJALIWA: Ndiyo hivyo, dada. Kundi la K, ambalo Nishida alilizoesha kuonwa na watu kabla ya mengine, lilikwisha kufikia mwaka 1983. Madume yake yalitoweka moja baada ya jingine, na majike wakahamia kwa jirani.

REHEMA: Kuna jambo ulinieleza kuhusu mgeni mwenzenu.

MAJALIWA: Nalisema kwa masikitiko. Mmoja wetu aliivuta barakoa chini ya kidevu ili apige picha ya uso wake na sokwe nyuma yake. Mwongozaji hakupaza sauti. Alimgusa bega, akamwonyesha ishara, na mtu yule akaipandisha. Dakika tano baadaye akaishusha tena. Safari hii mwongozaji alitugeuza sote, tukarudi nyuma kama hatua thelathini, na dakika zilizobaki tuliwatazama kutoka mbali. Sikuona uchungu hata kidogo kupoteza zile hatua thelathini. Nilikuwa nawaza juu yako uliyebaki chini na mafua yako, ukiwa umetimiza wajibu ambao mtu mwenye afya njema alishindwa kuutimiza kwa saa moja.

REHEMA: Ahsante. Mimi nami sikukosa kila kitu, na ningependa wasikilizaji walijue hili. Saa tisa alasiri nilikuwa nimekaa kwenye baraza la banda, nimejifunga kanga mbili, nikitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mfanyakazi mmoja wa kambi alikuwa ananiletea chai ya tangawizi. Ghafla ikasikika sauti kutoka bondeni, mwanzo chini kama mtu anayehema, kisha ikapanda, ikapanda, hadi ikawa ukelele wa wengi kwa pamoja, na nyuma yake mapigo mazito mawili matatu, kama ngoma ya msondo. Yule ndugu akasimama na birika mkononi. Akanieleza kwamba mapigo yale ni dume linalopiga mizizi mipana ya mti kwa miguu na mikono, na kwamba wenzake walioko mbali wanalitambua ni nani.

MAJALIWA: Sisi tulikuwa tumekwisha kuanza kushuka, lakini tuliisikia pia.

REHEMA: Kisha kutoka upande mwingine wa mlima, mbali sana, wengine wakaitikia. Yule ndugu aliweka birika chini, akaelekeza kidole kwanza kule, kisha huku, akasema, "Wanaitana, dada. Leo watalala pamoja." Tulibaki tumesimama hadi msitu uliponyamaza, na chai ilikuwa imekwisha kupoa.